Tathmini ya Photopea kwa wabunifu wa Mwanza: kazi inafanyika wapi?

Programu za kubuni zinazofunguliwa ndani ya kivinjari zimekuwa nyingi kiasi kwamba mwenye stesheneri ya Nyegezi au mwenye ofisi ya mabango katika Mtaa wa Rwagasore hawezi tena kuzichagua kwa kuangalia uzuri wa sura zake. Swali linalostahili kutangulia ni hili: ninapobonyeza kitufe, kazi inafanyika katika kompyuta iliyo mbele yangu au katika seva iliyoko bara jingine? Jibu lake ndilo linaloamua bando litadumu kwa muda gani, picha ya mteja itabaki mikononi mwa nani, na iwapo mtandao ukilegea saa kumi jioni mteja ataondoka na kadi yake au ataambiwa arudi kesho. Kwa kipimo hicho naiona Photopea kuwa ndiyo programu ya kivinjari inayofaa zaidi mazingira ya kazi zetu hapa Mwanza, ingawa ina mapungufu ambayo mtu anayechapisha mabango hapaswi kuyapuuza.

Photopea ni programu ya kuhariri picha na kusanifu michoro. Huipati dukani wala huisakinishi. Unaandika anwani photopea.com, unasubiri ifunguke, unaanza kazi bila hata kujiandikisha. Iliundwa na Ivan Kutskir, mtayarishaji programu wa Jamhuri ya Cheki, ambaye aliitoa kwa umma mwaka 2013 na kwa miaka mingi akaiendeleza karibu peke yake. Sura yake imeigwa waziwazi kwa Photoshop, programu ya kuhariri picha ya kampuni ya Adobe: zana zimepangwa kushoto, leya (matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine) ziko kulia, menyu ziko juu kwa mpangilio ule ule, hivi kwamba kijana aliyejifunza Photoshop kwa kumtazama fundi mwenzake hahitaji kufundishwa upya. Inafungua mafaili ya PSD, yaani yale ya Photoshop, pamoja na leya zake, vivuli vyake, barakoa zake na hata vile vitu vya ndani vinavyokuwezesha kubadilisha nembo juu ya picha ya tisheti kwa hatua chache. Inafungua pia mafaili ya vekta (michoro isiyopoteza ubora ikikuzwa) ya SVG, PDF, AI na CDR, jambo ambalo Photoshop yenyewe haitoi lote.

Umuhimu wa hilo la PSD unaeleweka zaidi kwa anayeijua biashara yetu. Violezo vya kadi za mchango, mialiko ya harusi na send-off, matangazo ya misiba, vyeti vya mahafali na mabango ya mikutano ya injili huzunguka katika makundi ya simu kama mafaili ya PSD, na mbunifu asiye na kitu cha kuyafungulia hana sehemu katika mzunguko huo. Tangu mwaka 2013, Adobe ilipotangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka badala ya kununuliwa mara moja, maduka mengi madogo yamebaki na nakala zilizovunjwa ufunguo, ambazo huhamishwa kwa flashi kutoka meza hadi meza pamoja na virusi vyake. Photopea inamwondoa mbunifu katika hali hiyo bila kumdai leseni, na bila kumlazimisha kuviacha violezo alivyokusanya kwa miaka.

Jambo hili limewezekana kwa sababu vivinjari vyenyewe vimebadilika. Zamani chochote kilichohitaji kuchora ndani ya ukurasa kilitegemea Flash, kiambatisho kilichopaswa kusakinishwa kando, ambacho Adobe iliacha kukihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Nafasi yake ilichukuliwa na viwango vilivyojengwa ndani ya kivinjari: eneo la kuchorea lililoingizwa katika HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kisha WebGL, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011 na ambayo huiruhusu tovuti kuitumia kadi ya picha ya kompyuta yako moja kwa moja. Baadaye ikaja WebAssembly, iliyopitishwa mwezi Desemba 2019 kuwa kiwango rasmi cha W3C, chombo kinachoweka viwango vya tovuti, inayowezesha programu zilizoandikwa kwa lugha kama C++ kuendeshwa ndani ya kivinjari kwa kasi inayokaribia ile ya programu iliyosakinishwa. Photoshop yenyewe iliingia kwenye kivinjari kwa njia hiyo na ikatoka katika majaribio mwaka 2023, lakini bado inahitaji kulipiwa. Photopea, ambayo imeandikwa kwa JavaScript na huitumia kadi ya picha kupitia WebGL, ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi.

Viwango hivyo vinaiwezesha tovuti kufanya hesabu zake kwenye mashine yako, haviilazimishi. Zipo huduma zinazokitumia kivinjari kama dirisha tu, huku faili likikaa kwenye seva zao na kila picha unayoiongeza ikipaa kwanza kwenda huko. Photopea haifanyi hivyo. Ukurasa unapofunguka, kivinjari hupakua megabaiti chache za programu, na kuanzia hapo picha unayoifungua husomwa kutoka kwenye diski yako, huhaririwa katika kumbukumbu ya kompyuta yako, na huhifadhiwa kwenye diski hiyo hiyo. Ukizima data baada ya ukurasa kufunguka, brashi inaendelea kuchora, leya zinaendelea kusogea na kadi inaendelea kutengenezwa. Kinachokosekana ni fonti na violezo ambavyo hukuwahi kuvipakua, pamoja na vitendo vichache vya akili mnemba vinavyohitaji seva. (Na matangazo ya biashara nayo hayaji, jambo ambalo halimsikitishi mtu.)

Kwa duka linalotumia bando la simu kuendesha kompyuta, tofauti hii inaonekana kwenye salio. Chukua mpigapicha aliyerudi na picha 40 za mahafali kutoka Malimbe, kila moja ikiwa na megabaiti 6. Akitumia huduma inayohifadhi kila kitu mawinguni, anapandisha megabaiti 240 kabla hajagusa rangi hata moja, kisha anazishusha tena atakapomaliza. Akitumia Photopea, picha hizo hazitoki dukani. Mtu aliyeko Ukerewe au Sengerema, ambako saa nyingine mawasiliano huwa hafifu, anaweza kuifungua asubuhi mtandao ukiwa mzuri na kukiacha kichupo wazi mchana kutwa.

Kipengele ninachokithamini kuliko vyote hakitangazwi sana, nacho ni kile cha Variables kilichomo katika menyu ya Image. Kila aliyewahi kutengeneza kadi za harusi anaijua adha ya majina. Kamati inaleta orodha ya waalikwa 300, kila kadi inatakiwa kuwa na jina lake na alama ya kuonyesha kama ni ya mtu mmoja au wawili, na kazi hiyo hufanywa kwa kufuta jina, kuandika jingine, kuhifadhi, kufuta tena, hadi macho yaingie ukungu na Bwana Masanja apewe kadi ya Bibi Masunga. Kwa Variables unatengeneza kadi moja tu, unaipa leya ya jina kitambulisho, leya ya idadi kitambulisho chake, kisha unaingiza orodha iliyoandikwa katika jedwali na kuhifadhiwa kama CSV, ambapo mstari wa kwanza una vitambulisho hivyo na kila mstari unaofuata una mwalikwa mmoja. Programu inazalisha kadi zote kwa mpigo, kila moja ikiwa faili lake, tayari kwa kutumwa kwa simu au kupelekwa kwa mchapaji.

Yapo mambo ya kuzingatia ili kipengele hicho kisilete fedheha. Jaribu kwanza kwa jina refu kuliko yote katika orodha, kwa maana maandishi hayapungui ukubwa yenyewe, na “Familia ya Mhandisi na Bibi” ikifuatwa na majina mawili huvuka ukingo wa kadi kwa urahisi. Angalia pia majina yenye ng’, ambayo kwetu Usukumani ni mengi: fonti nyingi za mapambo zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza zina ritifaa (ile alama ya ’) mbaya au hazina kabisa, na hapo Ng’wandu hutoka na kisanduku kitupu katikati ya jina lake. Namna salama ni kuchagua fonti kwa kuiandikia kwanza jina la aina hiyo, kabla hujamwonyesha mteja sampuli akaipenda. Hatimaye, mwenye kuandika orodha asiweke mkato ndani ya jina bila kuliweka jina zima katika alama za kunukuu, kwa sababu katika CSV mkato ndio unaotenganisha safu, na jina likikatika vibaya safu zote za mstari huo huhama.

Suala la picha za wateja linahitaji uzito wake. Stesheneri zetu hushughulikia picha za pasipoti, picha za watoto wanaoandikishwa shule, nakala za vitambulisho na picha za maharusi kabla ya siku yenyewe, na wateja wengi hawaulizi picha hizo zinakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na ina masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi. Mwenye duka dogo anaweza kudhani kwamba sheria hiyo inayahusu mabenki na makampuni ya simu tu, ilhali sura ya mtu ikiambatana na jina lake ni taarifa binafsi hata ikiwa juu ya meza ya duka la Igoma. Programu inayofanya kazi ndani ya mashine inampunguzia mwenye duka mzigo huo, ingawa haimwondolei wajibu wa kufuta mafaili ya zamani na kuweka nywila kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaikalia.

Sasa niingie katika mapungufu, nikianza na kumbukumbu ya kompyuta, kwa sababu faida ya kufanyia kazi kwenye mashine yako inakuja na gharama ya mashine hiyo kubeba uzito wote. Kila pikseli ya leya huchukua baiti nne: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu na moja ya uwazi. Ukurasa wa A4 wenye pikseli 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7, hivyo leya moja iliyojaza ukurasa mzima huhitaji takriban megabaiti 35. Leya 25 za namna hiyo zinakaribia megabaiti 870, na hapo bado hujahesabu historia ya hatua unazoweza kuzirudia. Katika kompyuta zilizotumika zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ambazo ndizo nyingi madukani, kivinjari kikishagawana nafasi hiyo na mfumo endeshi na vichupo vingine vitano, kazi ya aina hiyo huanza kujikongoja.

Kwa mabango hesabu ni kali zaidi, na hapa ndipo ninapowaona vijana wengi wakiilaumu programu kwa jambo lisilo lake. Bango la mita 2 kwa mita 1 likiundwa kwa pikseli 300 kwa inchi lina pikseli karibu milioni 279, na leya yake moja tu ni zaidi ya gigabaiti moja. Hakuna kivinjari cha duka la kawaida kitakachostahimili hilo. Bango hilo hilo kwa pikseli 100 kwa inchi linashuka hadi pikseli milioni 31, yaani megabaiti 124 kwa leya iliyojaa, na kwa 72 linashuka hadi megabaiti zipatazo 64. Bango linalotundikwa juu ya Barabara ya Nyerere husomwa na mtu aliye ndani ya daladala, mita kadhaa chini yake. Pikseli 72 hadi 100 kwa inchi zinamtosha kabisa. Kiwango cha 300 kiachiwe kadi, vipeperushi na chochote kinachoshikwa mkononi.

Pungufu la pili ni rangi, na hili haliponywi kwa kununua kompyuta kubwa. Photopea hufanya kazi zake katika mfumo wa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, zenye biti 8 kwa kila rangi. Mashine zinazochapa fleksi na stika hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi (mfumo uitwao CMYK), na kuna rangi za skrini ambazo wino huo hauwezi kuzifikia: kijani kinachong’aa, bluu ya umeme, zambarau kali. Faili la CMYK likifunguliwa katika Photopea hubadilishwa kuwa RGB, hivyo mbunifu wa gazeti, wa vifungashio vya bidhaa au wa nembo ya kampuni yenye rangi iliyowekewa vipimo rasmi atafanya vyema kutafuta programu nyingine kwa hatua ya mwisho. Kwa mabango ya kawaida tatizo hupungua, kwa sababu mashine za fleksi zina programu yake ya kubadilisha rangi kabla ya kuchapa. Hata hivyo, mwenye busara humwomba mchapaji kipande kidogo cha majaribio chenye rangi kuu za mteja kabla ya kuruhusu mita 20 zipite, hasa ikiwa nembo ina bluu. Bluu ya skrini huelekea kwenye zambarau ikifika kwenye wino, na mteja wa chama cha ushirika cha wavuvi pale Kirumba aliyeomba bluu ya ziwa hatapokea maelezo ya kitaalamu kuhusu mifumo ya rangi.

Mengine ni madogo. Kuna njia za mkato za kibodi ambazo kivinjari kimeshazichukua: Ctrl na T hufungua kichupo kipya, kwa hiyo katika Photopea kubadilisha ukubwa wa kitu huhitaji kuongeza Alt, na vidole vilivyozoea Photoshop hukosea kwa siku kadhaa. Ctrl na W hufunga kichupo. Kivinjari hukuuliza kabla ya kuipoteza kazi isiyohifadhiwa, lakini umeme ukikatika haukuulizi chochote, kwa hiyo aliye na kompyuta ya mezani isiyo na betri ahifadhi PSD kila baada ya hatua kubwa. Kuhifadhi kwenyewe kunategemea kivinjari unachotumia. Katika Chrome na vivinjari vya jamii yake, tangu toleo la 86 la mwaka 2020, tovuti inaweza kwa ruhusa yako kuandika juu ya faili lile lile ulilolifungua. Katika Firefox kila unapohifadhi unapata nakala mpya katika folda ya vipakuliwa, na baada ya wiki utakuwa na “kadi ya harusi” ya kwanza hadi ya kumi na nne bila kujua ipi ndiyo ya mwisho. Kwa sababu hiyo peke yake ningemshauri mwenye duka atumie Chrome au Edge. Katika simu programu inafunguka, ila vidirisha vyake ni vidogo mno kwa kidole, na sioni sababu ya kujitesa nayo huko.

Huko kwenye simu ndiko Canva inakoshinda, na hapana budi kuizungumzia kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi kwa watu wasio wabunifu. Canva ilianzishwa Australia na Melanie Perkins, Cliff Obrecht na Cameron Adams, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2013, mwaka ule ule wa Photopea, lakini kwa fikra tofauti kabisa. Inadhani kwamba anayeitumia hajui leya ni nini wala hana haja ya kujua. Inampa kiolezo kilichokamilika, yeye abadilishe maneno na picha. Kwa mama anayeuza dagaa waliofungashwa vizuri na anayetaka tangazo la kuweka kwenye hali ya simu yake, au kwa katibu wa vijana wa kanisa anayehitaji ratiba ya mkesha, Canva ni jibu zuri na Photopea ni adhabu. Wawili wanaweza pia kuhariri kazi moja kwa pamoja, mmoja akiwa Buswelu na mwingine Dar es Salaam, jambo ambalo Photopea haina.

Lakini kazi ya Canva inakaa kwenye seva za Canva. Kila picha hupandishwa, kila mabadiliko huhitaji mtandao wenye nguvu kiasi, na baadhi ya picha na vipengele vizuri vimefungiwa wanaolipia. Rangi za CMYK zinapatikana wakati wa kutoa PDF ya kuchapa, nazo pia kwa wanaolipia. Violezo vyake vya harusi vingi vimefikiriwa kwa harusi za kwingine: utapata maua na mstari wa majina mawili, hutapata nafasi ya majina ya wazazi wa pande zote mbili, ukumbi, ibada, namba za kutumia mchango na majina ya kamati. Mbunifu wa hapa huishia kukibomoa kiolezo hadi kisitambulike, na akifika hapo ni afadhali angeanza na ukurasa mweupe mahali penye zana kamili.

Figma nitaitaja kwa ufupi. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016, Adobe ikakubaliana kuinunua kwa dola bilioni 20 mwaka 2022, mpango ukavunjika Desemba 2023. Ni programu ya kusanifu sura za tovuti na programu za simu, na wanafunzi wa teknolojia hapa jijini wanaojenga mifumo wana haki ya kuipenda. Kwa kadi na mabango haina la kumpa mtu.

Programu ninayoona inafaa kukaa jirani na Photopea katika alamisho za kivinjari ni Squoosh, iliyotolewa na timu ya Chrome ya Google mwaka 2018, ambayo kazi yake ni moja: kupunguza uzito wa picha. Nayo hufanyia kazi kwenye mashine yako, kwa WebAssembly, na inakuonyesha picha ya awali na iliyobanwa zikiwa zimegawanywa na mstari unaoweza kuusogeza, ili uone mwenyewe ubora unapoanza kuharibika. Inatoa picha katika miundo ya JPEG, WebP na AVIF. Kwa picha za tovuti ya hoteli au ya duka la mtandaoni, WebP ni chaguo salama leo kwa kuwa vivinjari vyote vikubwa vinaifahamu, Safari ikiwa imejiunga mwaka 2020. Kwa picha zitakazotumwa kwa wateja wenye simu za zamani, JPEG bado haina mpinzani. Photopea nayo inaweza kutoa WebP, lakini huo mstari wa Squoosh wa kulinganisha ni wa msaada mkubwa kwa jicho lisilozoea.

Kuhusu bei, Photopea ni ya bure, na vipengele nilivyovieleza hapa havidai malipo. Inajiendesha kwa matangazo yanayokaa kwenye safu ya upande wa kulia wa skrini, na anayelipia dola zipatazo 5 kwa mwezi huondolewa safu hiyo na kuongezewa hatua za kurudi nyuma. Malipo hufanywa mtandaoni kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mwenye duka anahitaji kadi ya benki iliyoruhusiwa kununua mtandaoni au kadi ya kidijitali inayotolewa kupitia pesa za simu. Anayetumia skrini pana hatahisi upungufu wowote akiendelea bila kulipa. Katika kompyuta ndogo zenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, hata hivyo, safu ya matangazo ikijumlishwa na vidirisha vya leya na rangi huacha eneo dogo la kuchorea, na mbunifu anayekaa hapo kutwa atajikuta akisogeza picha kila dakika. Kwa duka la namna hiyo, hiyo ndiyo sababu pekee ninayoiona ya kulipia.